Ukiishi na Mmeksiko Aliye Mbali na Kwao: Namna ya Kuzileta Sikukuu Zake Nyumbani

Tarehe 2 Novemba, mwaka wetu wa kwanza Dar es Salaam, nilirudi kazini nikamkuta mke wangu amekaa jikoni gizani. Umeme ulikuwapo, hakuwasha tu. Mezani alikuwa ameweka glasi ya maji, kipande cha mkate wa dukani, na simu iliyoonyesha picha ya marehemu bibi yake. Nikamuuliza kama amepata habari ya msiba. "Hapana," akasema. "Leo kwetu ni sikukuu kubwa, na tangu asubuhi sijakutana na mtu hata mmoja anayeijua."

Mke wangu ni mtu wa Puebla, huko Meksiko. Mpaka siku ile nilidhani anachokikosa ni vyakula, na nilikuwa nahangaika kutafuta pilipili za kwao. Kumbe kinachomuuma mtu aliye ugenini ni kuona siku yake kubwa inapita kama siku nyingine: daladala zinajaza, maduka yanafungua, na yeye peke yake ndiye anayejua leo ni lini. Aliyewahi kula Idi peke yake chumbani huko Ulaya, au kupitisha Krismasi akiwa zamu Dubai, ananielewa.

Tangu hapo hatujaiacha siku hiyo ipite kimya. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenye mke, mume, mkwe, jirani au mwanafunzi mwenzake aliyetoka Meksiko. Vitu vyote ninavyovitaja vinapatikana Dar, na vingi utavipata Mombasa, Nairobi na Kampala pia.

Kwanza: muulize, usimkisie

Meksiko ina watu zaidi ya milioni 120, na sikukuu zao hazifanani kila mahali. Mimi nilianza kwa kukisia. Nilisoma mahali kwamba tarehe 5 Mei ndiyo siku yao kubwa, nikatafuta bendera, nikapika. Niliponea kwa kuwa vita ya tarehe 5 Mei 1862, ambayo Wameksiko waliwashinda Wafaransa, ilipiganwa Puebla kwenyewe, kwa hiyo mke wangu alifurahi. Angekuwa mtu wa Monterrey angenishangaa. Siku hiyo inashangiliwa zaidi Marekani kuliko Meksiko, na wengi huidhania kuwa ni siku ya uhuru. Siyo.

Kaeni jioni moja, umuulize mambo matatu. Ulipokuwa mtoto, ni sikukuu gani iliyokunyima usingizi? Nani alikuwa anapika? Na wewe ulikuwa unapewa kazi gani? Hilo la tatu lisikupite. Mke wangu alikuwa anapewa kapu la maua ayachambue petali, kisha azimwage chini, kutoka mlango wa mbele hadi kwenye meza ya marehemu. Nilipolisikia hilo nikajua pa kuanzia: nyumba hii inahitaji maua mengi, na mwagaji yupo.

Pili: andika tarehe ukutani, pamoja na saa zake

Puebla, Mexico City na sehemu kubwa ya nchi wako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tisa, na hesabu hiyo haibadiliki, kwa sababu mwaka 2022 Meksiko iliacha desturi ya kusogeza saa. Iandike kwenye kalenda. Simu ikipigwa wakati watu wamelala inazidisha upweke.

Tarehe 6 Januari ni siku ya Mamajusi. Hukatwa mkate wa duara uliofichwa kidoli ndani, na atakayekikuta kidoli kwenye kipande chake anadaiwa chakula cha tarehe 2 Februari, siku ya Candelaria: lazima awalishe wenzake tamales, yaani vinyunya vya mahindi vilivyofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke. Siku ya mama ni tarehe 10 Mei, iangukie Jumatatu au Jumapili. Usiisahau, hasa kama mama mkwe wako yu hai. Tarehe 12 Desemba ni ya Bikira Maria wa Guadalupe, na usiku wa kuamkia siku hiyo watu humwimbia.

Usiku wa tarehe 15 Septemba unakuja kwetu vizuri sana. Saa 5 usiku rais hutokea roshani ya ikulu ya Mexico City, anapiga kengele na kuyataja majina ya mashujaa, kwa kumbukumbu ya Padri Miguel Hidalgo aliyewaita watu wa Dolores waupinge utawala wa Uhispania mwezi Septemba 1810. Kwetu hiyo ni saa 2 asubuhi ya tarehe 16. Sisi hufungua matangazo kwenye intaneti huku chai iko mezani, na ikifika "¡Viva México!" tunaitikia sote, mpaka dada wa jirani hutuchungulia. Mwaka Mpya ni hivyo hivyo: saa 6 usiku wa Puebla ni saa 3 asubuhi yetu ya tarehe 1 Januari. Weka bakuli la zabibu, kila mtu apate 12, moja kwa kila mlio wa saa.

Kisha kuna posada, siku tisa kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba. Hii usiiogope kabisa, kwa sababu ni hodi inayoimbwa. Kundi moja linasimama nje ya mlango likiwa Yusufu na Mariamu wanaoomba pa kulala. Kundi la ndani linawakatalia kwa wimbo, linakataa tena, kisha linawatambua na mlango unafunguliwa. Watoto wa mtaani kwetu waliushika wimbo wa Kihispania kwa jioni mbili. Baada ya hapo ni kuvunja piñata, ambayo asili yake ni chungu kilichovishwa karatasi za rangi na pembe saba. Chungu ukikipata ni kizuri, ila vigae vyake vinakata watoto. Pulizia puto, libandike magazeti tabaka nne au tano kwa gundi ya unga wa ngano, likikauka lipasue, utie ndani karanga, machenza, vipande vya muwa na pipi. Hayo ndiyo yanayotiwa Meksiko hasa. Kinywaji chake ni ponche: chemsha mapera, muwa, matufaha, zabibu kavu, mdalasini, ukwaju na maua makavu ya rozela pamoja na sukari. Nyumba nzima itanukia.

Tatu: chagua moja uifanye kikamilifu

Usizibebe zote mwaka wa kwanza. Utachoka, na mwenzako ataona unavyochoka. Chagua ile aliyoitaja kwanza. Kwetu ni Día de Muertos, Siku ya Wafu, ya tarehe 1 na 2 Novemba: siku ya kwanza ni ya watoto waliofariki, ya pili ni ya watu wazima. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Kuchorwa uso kama fuvu siyo kiini chake. Hata yale maandamano makubwa ya Mexico City unayoyaona kwenye video yalianza 2016 tu. Kiini chake ni meza ya nyumbani, ofrenda, inayopangwa vitu ambavyo marehemu alivipenda, kwa imani kwamba usiku huo anakuja kuwatembelea watu wake.

Najua baadhi ya wasomaji neno mizimu limeshawajia. Hata mimi nilikuwa na hofu hiyo mama yangu alipokuja kutoka Tanga akaikuta meza imeshapangwa. Aliizunguka polepole, akauliza picha moja moja, "Huyu nani?" Mke wangu akawa anamjibu: huyu bibi mzaa mama, huyu mjomba aliyekuwa fundi viatu, huyu mtoto wa dada. Mama akamaliza, akamwambia, "Kumbe mwanangu na nyinyi mna siku ya kuwataja." Akaenda kuleta chetezo.

Ndugu zako wakiwa na wasiwasi, waeleze wazi: haabudiwi mtu hapo. Marehemu wanakumbukwa kwa majina, wanaombewa, kisha walio hai wanakula. Tena kwa Wakatoliki tarehe 2 Novemba ni siku ya kuwaombea marehemu wote popote duniani. Na kama dini yako hairuhusu meza hiyo, usijilazimishe. Picha moja, ua moja, na jioni moja ya kumsikiliza mwenzako akisimulia watu wake, hilo nalo ni jambo kubwa.

Nne: maua, na kazi yake inaanza Agosti

Ua la siku hiyo ni cempasúchil, neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, lenye maana ya "ua ishirini", kwa wingi wa petali zake. Ni marigoldi kubwa ya rangi ya machungwa, ile ile ambayo Wahindu hufuma mashada ya Diwali, na asili yake ni Meksiko. Harufu yake kali na rangi yake ya moto ndizo zinazomwonyesha marehemu njia.

Mwaka wangu wa kwanza wa kupanda nilichelewa, nilisia katikati ya Septemba, na Novemba ikanikuta na majani matupu. Sia wiki ya kwanza ya Agosti. Mbegu ni kama kijisindano cheusi chenye kimkia cheupe. Zifukie kidogo tu, nusu sentimita. Baada ya wiki tatu au nne hamishia miche shambani au kwenye ndoo zilizotobolewa, umbali wa sentimita 30, mahali penye jua la kutwa. Mche ukifika urefu wa kiganja, kata kilele chake utoe matawi. Samadi weka kidogo. Ukiizidisha utapata majani mazuri na maua haba. Miche ishirini inatosha meza na njia ya mlangoni. Ukikwama kama nilivyokwama mimi, nenda Kisutu, karibu na mahekalu ya Wahindu, uulize wafuma mashada. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, kwa hiyo miaka mingine mambo yanakutana.

Tano: moshi

Hapa kuna jambo linalonifurahisha kila mwaka. Wameksiko hufukiza copal, utomvu mgumu wa miti ya kwao, na neno lenyewe limetoka kwenye Kinahuatl, copalli. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani walilibeba jina hilo wakalipa utomvu uliokuwa ukichimbwa ardhini katika pwani yetu na kupakiwa majahazini Zanzibar, wao wakiutaka kwa kutengenezea vanishi. Sisi tunauita sandarusi. Kwa hiyo jina la Kimeksiko limeishi pwani yetu kwa muda mrefu, kwenye hati za bandari.

Ukipata sandarusi, itie kidogo juu ya kaa la moto. Usipoipata, ubani unatosha na unapatikana kila soko. Mke wangu anasema harufu yake si ile, lakini iko karibu. Udi uache, utamu wake unaficha harufu ya maua.

Sita: mkate wa wafu

Kwa mikate miwili: unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 120, siagi gramu 120, mayai matatu, maziwa ya vuguvugu nusu kikombe, hamira gramu 10, chumvi nusu kijiko cha chai, maganda ya machungwa mawili yaliyokwaruzwa, sehemu ya rangi tu. Kanda vyote isipokuwa siagi mpaka kinyunya kiwe laini, ndipo uitie siagi kidogo kidogo. Kitanata mikononi, usiongeze unga, endelea kukanda dakika kumi na tano. Kiache kiumuke mara mbili ya ukubwa wake. Kwa joto la Dar saa moja na nusu inatosha.

Tenga kinyunya kidogo cha mifupa. Kinachobaki fanya madonge mawili ya duara. Mifupa yake ni vijiti vya kinyunya ulivyovibana kwa vidole ili viwe na vifundo, vikilazwa juu ya donge kwa kukingamana, na katikati kijidonge kidogo ambacho ndicho fuvu. Acha viumuke tena karibu saa moja, oka kwa nyuzi 180 dakika thelathini. Kama huna oveni, fanya kama mkate wa kumimina, makaa chini machache na juu ya kifuniko mengi, ukikagua tangu dakika ya ishirini. Ukitoka moto, upake siagi iliyoyeyushwa, uugeuze ndani ya sukari.

Saba: mahindi

Tamales ndizo kazi kubwa kuliko zote. Unga wa ugali haufai, hauna mshikamano. Mahindi lazima yapikwe na chokaa kwanza, ujuzi ambao wenyeji wa Meksiko wanao tangu zamani kabla ya Wahispania. Chokaa inalainisha ganda, inabadilisha ladha, na inafungua vitamini ya niasini ambayo vinginevyo mwili hauipati vizuri kutoka kwenye mahindi.

Chukua kilo moja ya mahindi meupe makavu yasiyotiwa dawa ya kuhifadhia, maji lita tatu, na kijiko kimoja cha chakula cha chokaa ya tambuu, iliyo tupu, isiyotiwa rangi wala manukato. Chokaa ya kujengea usiiguse. Sufuria zetu za alumini nazo hazifai, chokaa inazila. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au chungu. Koroga chokaa ndani ya maji, angalia isikurukie machoni, tia mahindi, chemsha polepole dakika arobaini, kisha funika mpaka asubuhi. Asubuhi chukua punje moja uifikiche kwa vidole: ganda likivuka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, yako tayari. Osha maji matatu. Mashine ya kusaga ya mtaani ni ya nafaka kavu, usiwapelekee haya. Yapitishe mara mbili kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama.

Kwa kila kilo ya kinyunya tumia samli gramu 250. Kwao wengi hutumia mafuta ya nguruwe, lakini sisi wageni wetu ni wa dini zote na samli inamfaa kila mtu. Iweke kwenye friji igande, kisha ipige kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Changanya na kinyunya, chumvi, na supu ya kuku vikombe viwili ukiongeza taratibu. Ukitaka kujua kama umepiga vya kutosha, dondosha kijidonge kwenye glasi ya maji. Kikizama, endelea kupiga. Kikielea, umefika. Mke wangu huifanya hatua hii mwenyewe, na kijidonge kikielea hupiga ukelele mmoja ambao nimeujua maana yake: ndivyo alivyokuwa akifanya bibi yake.

Majani ya mgomba yababue juu ya moto yalegee, kama wanavyofanya watu wa Oaxaca na Yucatán. Tandaza kinyunya, tia katikati kuku aliyechambuliwa kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili kavu, kunja, funga kwa ukambaa wa jani, pika kwa mvuke saa moja na robo. Tamale likiachana na jani lenyewe, limeiva.

Nane: kupanga meza

Tandika kitambaa. Weka sanduku au matofali chini yake upate ngazi mbili au tatu. Juu kabisa picha za marehemu, na picha yoyote isiwe na mtu aliye hai. Glasi ya maji, maana msafiri hufika na kiu. Chumvi kwenye kisahani. Mshumaa mmoja kwa kila marehemu. Mkate, matunda, na kitu chake mwenyewe: kwa yule mjomba fundi viatu huwa tunaweka kikombe cha kahawa na sindano ya kushonea viatu. Mbele, karatasi nyembamba za rangi zilizokunjwa na kukatwa maua kwa mkasi. Mwisho petali, kutoka mlangoni.

Nasisitiza jambo moja kwa sababu lilitufika. Usiku wa mwaka wa pili niliwasha feni, karatasi moja ikapeperuka hadi kwenye mshumaa, na tulizima moto kwa ile glasi ya maji ya marehemu. Mishumaa iwe ndani ya glasi zenye mchanga, karatasi ziwe mbali nayo kwa urefu wa mkono, feni izimwe, na kabla ya kulala zima kila kitu. Miguu ya meza itie kwenye makopo ya maji, la sivyo sisimizi watakuwa wa kwanza kuufikia mkate. Chakula chenye nyama usikilaze mezani kwa joto letu. Kiweke jioni, mkile usiku ule ule.

Tisa: waite watu, na wape kazi

Alika wachache, na mwambie kila mmoja alete picha ya marehemu wake. Hapo ndipo siku inapogeuka kuwa ya wote. Mwaka jana jirani yetu alileta picha ya baba yake, akaomba tumwekee tumbaku ya kunusa, akaanza kusimulia habari zake na hakunyamaza mpaka saa sita.

Simu ya kwao panga mapema. Waulize tarehe 2 watakwenda makaburini saa ngapi. Wakifika saa 2 asubuhi, kwetu ni saa 11 jioni, muda mzuri kabisa. Waombe waegemeze simu kwenye jiwe la kaburi wakati wanasafisha na kupanga maua, wasizungumze na simu, waendelee tu na kazi yao. Sisi huku tunapanga yetu. Mama mkwe akiinua kichwa anamwona binti yake ana kapu la petali mkononi. Uliza pia kama kuna bando la kutosha upande wao, au watumie la kununulia.

Tarehe 3 Novemba

Meza inaondolewa asubuhi. Mkate uliobaki chovya kwenye chai, matunda wape watoto wa jirani, maji mwagia miche. Petali za njiani zifagie pamoja uziweke kwenye mboji.

Maua manne matano makubwa usiyakate. Yaache yakaukie kwenye mche mpaka vikonyo viwe vya kahawia, kisha vuta petali zilizokauka: utazitoa pamoja na mbegu zake, nyeusi zenye mkia mweupe. Zianike kivulini siku tatu juu ya gazeti, zitie kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki, maana zitaoza. Juu ya bahasha mke wangu huandika mwaka na jina la bibi yake. Ya mwaka huu iko kabatini, nyuma ya kopo la sukari, ikingoja Agosti.